Tufaha ni la kutafuna

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nijibu makala ya afya mliyoichapa hivi karibuni kuhusu faida za kula matufaha. Sikuandika siku ileile kwa sababu nilitaka kwanza nione wasomaji wataichukuaje. Sasa nimeona. Mimi ni afisa lishe. Kazi yangu ni kukaa na watu wenye kisukari na shinikizo la damu, tukapitia pamoja wanachokula tangu asubuhi mpaka wanapolala. Siku chache baada ya makala yenu, mwalimu mmoja mstaafu aliingia chumbani kwangu na kipande cha gazeti kimekunjwa kwenye mfuko wa shati. Alikifungua juu ya meza, akakinyoosha kwa kiganja, akaniwekea kidole kwenye mstari aliokuwa ameupigia kalamu nyekundu: juisi ya tufaha kila asubuhi husafisha damu na kushusha sukari.

Naandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine ambao hawana mtu wa kumuuliza.

Mwandishi wenu hakukosea kulisifu tufaha. Ni tunda ninalolipendekeza karibu kila siku ya kazi, na nyumbani kwangu halikosi. Kilichonisumbua ni kwamba sifa nyingi zilizochapwa si zake, na zile zake hasa zimeachwa. Tufaha limepewa chuma ambacho halina, limesifiwa kwa juisi ambayo ndiyo namna duni kuliko zote za kulitumia, kisha likapandishwa cheo likawa dawa.

Tuanze na kilichomo. Tufaha la wastani, la gramu 180 hivi, lina kilokalori zipatazo 95. Zaidi ya asilimia 85 ya uzito wake ni maji. Wanga ni kama gramu 25, na ndani ya wanga huo sukari ni gramu 19 hivi, zaidi ya nusu yake ikiwa fruktosi, yaani sukari ya matunda. Nyuzinyuzi ni gramu 4 na kidogo, ikiwa limeliwa pamoja na ganda. Potasiamu ni miligramu 195 hivi na vitamini C ni kama miligramu 8. Mafuta na protini ni vya kuhesabu kwa tabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za matunda na mboga. Kwa hesabu hiyo, tufaha moja linampa mlaji karibu sehemu moja kati ya sita ya nyuzinyuzi anazohitaji, kwa kalori chache sana. Hiyo si sifa ndogo. Watu wengi ninaokutana nao hawafiki hata nusu ya nyuzinyuzi hizo kwa siku nzima.

Sasa habari ya chuma. Makala ilisema tufaha "huongeza damu" kwa kuwa lina madini ya chuma kwa wingi. Gramu 100 za tufaha zina takriban moja ya kumi ya miligramu ya chuma. Mwanamke wa umri wa kuzaa, kwa miongozo ya Marekani, anahitaji miligramu 18 kwa siku. Hakuna idadi ya matufaha ambayo tumbo la binadamu linaweza kubeba ikafika huko. Imani hii naijua inakotoka: ukilikata tufaha ukaliacha mezani, nyama yake hugeuka kahawia, na watu husema ile ni kutu ya chuma. Sivyo. Kisu kinapopasua seli za tunda, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na kemikali za asili za mimea ziitwazo polifenoli, na hewa ya oksijeni ikiingia hapo rangi ya kahawia hutokea. Ndiyo sababu ukilipaka maji ya limau huchelewa kubadilika, maana asidi hukizuia kimeng'enya kile kufanya kazi. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu akisoma kwamba matufaha yanatosha, akaacha vidonge vyake vya chuma, atakayeumia ni yeye na mtoto aliye tumboni. Hili peke yake lilinitosha kushika kalamu.

Vitamini C nayo isikuzwe. Tufaha lina kiasi, lakini chungwa la uzito uleule lina mara kumi zaidi au hata kupita hapo. Anayetafuta vitamini C kwa kula matufaha anapita mlango usio wake.

Ubora wa tufaha uko wapi basi? Uko kwenye mambo mawili ambayo makala yenu iliyapa sentensi moja tu: nyuzinyuzi zake, hasa ile iitwayo pektini, na polifenoli zake, ambazo nyingi ziko kwenye ganda na karibu na ganda.

Pektini ndiyo inayofanya jamu igande. Ni nyuzinyuzi inayoyeyuka kwenye maji, na ikifika tumboni hufanya utelezi mzito unaopunguza kasi ya chakula kushuka na ya sukari kuingia kwenye damu. Kazi yake ya pili ni ya kupendeza zaidi. Ini letu hutengeneza asidi za nyongo kwa kutumia lehemu, yaani kolesteroli. Asidi hizo humwagwa utumboni kusaidia kumeng'enya mafuta, kisha sehemu kubwa hufyonzwa tena na kurudishwa kwenye ini. Pektini hunasa baadhi yake njiani zikatoka na choo. Ini likiona akiba imepungua, huchukua lehemu nyingine kwenye damu ili kutengeneza nyongo mpya, na lehemu mbaya kwenye damu hupungua kidogo. Pektini inayobaki huendelea hadi utumbo mpana, ambako bakteria wazuri huichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ni chakula cha seli zinazotandika ukuta wa utumbo huo.

Hili si la kwenye vitabu tu. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ambao watu 40 wenye lehemu iliyopanda kiasi walikula matufaha mawili kwa siku kwa wiki 8. Katika kipindi kingine cha wiki 8, watu haohao walikunywa kinywaji cha tufaha chenye sukari na nguvu sawa na matufaha hayo. Walipokula matunda mazima, lehemu yao ya jumla na ile mbaya zilikuwa chini kuliko walipokunywa kinywaji. Tofauti ilikuwa ndogo, haiwezi kuchukua nafasi ya dawa ya mtu ambaye lehemu yake imepanda sana, lakini ni tofauti ya kweli, iliyopatikana kwa kutafuna tunda tu. Sukari ilikuwa sawa pande zote mbili. Kilichotofautiana ni vile vilivyoondolewa ili tunda liwe kinywaji.

Kuhusu ganda nitakuwa mkali kidogo. Naona watu waangalifu kabisa, wenye nia njema, wakimenya tufaha kwa ustadi, utepe mrefu wa ganda ukishuka bila kukatika, kisha utepe ule unatupwa. Pamoja nao zimetupwa karibu nusu ya nyuzinyuzi za tunda na karibu kwesetini yote. Kwesetini ni mojawapo ya polifenoli zinazochunguzwa sana kwa uwezo wake wa kulinda seli na mishipa ya damu, na kwenye tufaha makazi yake ni ganda. Asidi ya ursoli, kemikali nyingine ya asili ya tunda, nayo iko hukohuko. Ndani ya nyama hubaki polifenoli nyingine, kama asidi ya klorojeni na katekini, nazo ni nzuri, lakini anayemenya amejitoza hasara kubwa bila sababu.

Najua sababu wanayonipa: dawa za wadudu na nta. Hofu hiyo ni halali, na inajibika. Tufaha lenyewe likiwa bado mtini hujitengenezea nta, ndiyo maana ukilifuta kwa kitambaa hung'aa. Yale ya kuuzwa mbali mara nyingi huoshwa, nta hiyo ikapungua, na wauzaji huweka nyingine inayoruhusiwa kwenye vyakula ili tunda lisinyauke. Kwa dawa za wadudu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walionyesha mwaka 2017 kwamba kuloweka matufaha kwenye maji yenye bikaboneti ya soda, kiasi cha gramu 10 kwa lita, kwa dakika 12 hadi 15, kuliondoa mabaki ya dawa mbili walizozijaribu yaliyokuwa juu ya ganda, vizuri zaidi kuliko maji matupu. Gramu 10 ni kama vijiko viwili vya chai. Yaliyokuwa yamepenya ndani ya ganda hayakutoka, na hilo nalisema ili nisidanganye mtu. Asiye na bikaboneti aoshe chini ya maji yanayotiririka huku akilisugua kwa mikono, sehemu ya kikonyo na ya kitako hasa, maana ndiko uchafu unakojificha. Sabuni haifai.

Nirudi kwa mwalimu wangu, kwa sababu juisi ndiyo kiini cha barua hii.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwambia alipoketi.

"Marahaba, mwanangu. Nieleze hili," akasema, kidole bado kipo kwenye gazeti. "Soda nimeacha. Sukari kwenye chai nimeacha. Nakunywa tunda tupu, hakuna kilichoongezwa. Sasa sukari inapandaje?"

Binti yake, aliyekuja naye, alinieleza anavyoandaa. Matufaha manne, anayamenya, anayatoa mbegu, anayasaga kwenye blenda na maji kidogo, anachuja kwa chujio la nyuzi ndogo mpaka ibaki juisi safi, kisha baba anakunywa glasi nzima kabla ya kula chochote. Alifanya hivyo kwa upendo na kwa usafi, na alikuwa anafuata alichosoma. Nikamwomba safari ijayo aniletee kile kinachobaki kwenye chujio. Aliniletea kwenye kibakuli chenye mfuniko: makapi mazito ya rangi ya kahawia, yamekauka juu, bado yanateleza chini. Nilimwekea kibakuli kile mbele yake na mbele ya baba yake nikawaambia kwamba kile ndicho nilichotaka Mwalimu ale. Kilichoingia kwenye glasi ni maji na sukari, zaidi ya gramu 60 za sukari kwa matufaha manne, sawa na vijiko 15 vya chai, pamoja na potasiamu na harufu nzuri. Makapi pamoja na maganda ndiyo yaliyokuwa yamebeba sehemu kubwa ya sifa zote zilizokuwa zimechapwa gazetini.

Mzee yule ni mwalimu, na hakukubali kwa kuambiwa tu. Alitaka ushahidi. Nikampa ule ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu ni wa zamani, ni rahisi, na kila mtu anaweza kuuelewa. Mwaka 1977 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha jaribio la watu 10 wenye afya njema. Walipewa matufaha kwa namna tatu siku tofauti: yakiwa mazima, yakiwa yamesagwa yakawa rojo, na yakiwa juisi isiyo na nyuzinyuzi. Kila mlo ulikuwa na wanga uleule, gramu 60. Jambo la kwanza lililoonekana ni mwendo: juisi ilinyweka mara 11 haraka kuliko matufaha kulika, na mara 4 haraka kuliko rojo. Kisha hata walipolazimishwa kutumia muda sawa, juisi haikuwashibisha kama rojo, na rojo halikuwashibisha kama tunda zima. Sukari ya damu ilipanda kiasi kilekile kwa namna zote tatu. Lakini insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ilipanda zaidi kwa juisi na rojo, halafu baada ya juisi sukari ikaanguka ghafla, ikashuka chini kwa kishindo, na baada ya rojo ikaanguka kiasi. Kwa waliotafuna matufaha haikuanguka hivyo.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kweli, ikifika saa nne asubuhi huwa anatetemeka na njaa inamuuma, na alikuwa akidhani ni uzee.

Nafafanua hili kwa sababu wasomaji wengi hufikiri ubaya wa juisi ni sukari ya kuongeza tu, hivyo wakitengeneza yao nyumbani wanajiona salama. Sukari iliyokuwa imefungwa ndani ya kuta za seli za tunda, ambayo meno na tumbo vingeifungua polepole, blenda huifungua kwa sekunde chache. Kuchuja humalizia kazi. Anayesaga bila kuchuja amepata nafuu, maana nyuzinyuzi bado zimo, lakini hata yeye hajamfikia anayetafuna.

Kuna pia utafiti mkubwa uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2013, uliounganisha taarifa za wafanyakazi wa afya wa Marekani zaidi ya 187,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokula zaidi matunda mazima, hasa bluberi, zabibu na matufaha, walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kidogo kuliko wengine. Waliokunywa juisi nyingi zaidi walipata kwa kiwango kikubwa zaidi. Utafiti wa namna hii unaonyesha mambo yanayoandamana, hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Lakini tunda lilelile, likiliwa linaelekea upande mmoja na likinywewa linaelekea upande mwingine, nami siwezi kulipuuza jambo hilo ninapokaa na mgonjwa.

Juisi ina wakati wake, na wagonjwa wa kisukari wanapaswa kuujua. Mtu anayetumia insulini au vidonge fulani, sukari yake ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita ya damu, akaanza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, nusu glasi ya juisi ya tufaha ni msaada wa haraka. Wakati huo tufaha zima halifai, kwa sababu linachelewa. Baada ya dakika 15 apime tena. Ule mwendo wa kasi ambao ni hatari kila asubuhi ndio unaookoa saa hiyo.

Kwa wenye kisukari wanaoniuliza kama tufaha limekatazwa: halijakatazwa. Kasi yake ya kupandisha sukari ni ndogo, kipimo chake kwenye jedwali la vyakula huwa chini ya 40, wakati glukosi tupu ni 100. Chagueni dogo, la kuenea kwenye ngumi, lioshwe, liliwe na ganda lake, moja kwa wakati, na lihesabiwe ndani ya wanga wa siku badala ya kuwa nyongeza juu ya sahani iliyojaa. Matufaha yaliyokaushwa yachukuliwe kwa tahadhari, maana maji yametoka na sukari imebaki, na mkono mmoja wa vipande vikavu unaweza kubeba sukari ya tunda zima au zaidi.

Nihamie kwenye ule usemi uliofunga makala yenu, kwamba tufaha moja kwa siku humfukuza daktari. Ni usemi wa Waingereza, na maandishi yake ya awali yanayofahamika yalichapishwa mwaka 1866 kutoka Wales. Kama usemi hauna neno. Tatizo ni mtu kuufanya agizo la hospitali. Mwaka 2015 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchunguzi uliouchukua usemi huo na kuupima. Watafiti waliwaangalia watu wazima 8,399 nchini Marekani, na kati yao 753 walikuwa walaji wa tufaha kila siku. Mwanzoni walaji wa tufaha walionekana kumwona daktari mara chache zaidi. Lakini walaji hao pia walikuwa na elimu zaidi na wachache wao walivuta sigara, na hesabu zilipozingatia mambo hayo tofauti ilitoweka. Kilichobaki ni kimoja: walaji wa tufaha walikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kutotumia dawa za kuandikiwa. Hapo ndipo ushahidi ulipofikia, na mimi sina haja ya kuusukuma zaidi ya hapo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewaona waliousukuma. Nimekaa na mwanamke mwenye shinikizo la damu aliyeacha vidonge kwa sababu alianza "tiba ya matufaha", akarudi kwetu mdomo umepinda upande mmoja. Hakuna tufaha lililomdhuru. Alichodhurika nacho ni siku alizokaa bila dawa.

Katika hili la dawa kuna kisa cha kweli ambacho ningependa wasomaji wako wakijue. Mwaka 1835 wanakemia walitoa kwenye gamba la mti wa mtufaha kitu kichungu walichokiita florizini. Kwa uchungu wake walidhani kingetibu homa. Baadaye, mwaka 1886, daktari Mjerumani Josef von Mering aligundua kwamba dozi kubwa ya florizini humfanya mtu atoe sukari kwenye mkojo. Zaidi ya karne moja baada ya hapo, kutokana na kuelewa namna florizini inavyoziba mlango ambao figo hurudishia sukari kwenye damu, zilitengenezwa dawa mpya za kisukari, miongoni mwao dapagliflozini na empagliflozini, ambazo leo zinalinda pia moyo na figo za wagonjwa wengi. Tazama safari ilivyokuwa ndefu. Florizini yenyewe ikimezwa, utumbo huivunja kabla haijafanya kazi ya maana kwenye figo, na wanasayansi walilazimika kuibadilisha umbo mpaka ikawa kitu kingine kinachodumu mwilini na kupimwa kwa maelfu ya watu. Mti wa mtufaha ulichangia dawa, lakini aliyekula tufaha hajameza dawa hiyo.

Mengine nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa huulizwa mara kwa mara.

Mbegu za tufaha zina amigdalini, ambayo ikisagwa au kutafunwa hutoa sayanaidi. Aliyemeza mbegu chache bila kuzitafuna asiwe na wasiwasi, kwa sababu zikiwa na ganda lake gumu hupita salama. Lakini ile tabia ya kusaga matunda mazima pamoja na mbegu zake, kila siku, iachwe.

Tufaha lililooza upande mmoja lisikatwe sehemu mbovu na nyingine ikawekwa kwenye juisi ya watoto. Ukungu unaoliozesha hutengeneza sumu iitwayo patulini, nayo haionekani kwa macho na inaweza kuenea kupita sehemu laini. Viwango vya kimataifa vya chakula vimeweka kikomo chake kwenye juisi ya tufaha kuwa maikrogramu 50 kwa kilo, ishara kwamba ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Na msiyaweke matufaha pamoja na mboga za majani. Hutoa gesi ya ethilini inayozifanya ziwe njano mapema.

Mtoto mdogo asipewe kipande kigumu cha tufaha bichi. Chini ya miaka minne anaweza kukabwa nacho. Lipikwe lilainike, au likwaruzwe kama karoti. Hili la kukwaruza nawashauri pia wazee wasio na meno ya kutosha: likwaruzwe na ganda lake, liliwe kwa kijiko muda huohuo. Kupika hupunguza vitamini C, lakini pektini hubaki, kwa hiyo mzee mwenye choo kigumu bado atafaidika.

Wapo ambao tufaha huwajaza tumbo na kuwaletea gesi. Si uchawi wala si wivu wa mtu. Tufaha lina fruktosi nyingi na sukari nyingine iitwayo sobitoli, na matumbo ya baadhi ya watu, hasa wenye utumbo unaosumbuka kirahisi, hayazifyonzi vizuri. Wapunguze au wabadilishe tunda. Wapo pia wanaowashwa midomo na koo wakila tufaha bichi, na wengi wao wana mzio wa chavua za miti fulani. Mara nyingi lililopikwa haliwasumbui. Lakini akivimba uso au akibanwa pumzi, aende hospitali mara moja.

Kwa wagonjwa wa figo walioambiwa wapunguze potasiamu, habari ni njema: tufaha liko kwenye kundi la matunda yenye potasiamu kidogo, na mara nyingi ni miongoni mwa yanayoruhusiwa. Wakubaliane tu kiasi na anayewahudumia.

Na meno. Kutafuna tufaha huongeza mate, jambo zuri, lakini tunda hili lina asidi na sukari na halisugui meno kama baadhi ya watu wanavyoamini. Sukutua kwa maji ukimaliza, na mswaki usubiri kama nusu saa, maana asidi hulainisha tabaka la juu la jino kwa muda. Siki ya tufaha ambayo makala iliitaja kwa kupunguza unene ina asidi kali zaidi, haina pektini ya maana, na simshauri mtu ainywe bila kuichanganya na maji.

Mwalimu sasa anakula tufaha moja dogo na ganda lake, katikati ya asubuhi, baada ya chakula na si kabla. Vipimo vyake vimetulia. Daktari wake alimrekebishia dawa pia, na anatembea kila jioni, kwa hiyo sitasema ni tufaha lililofanya. Kutetemeka kwa saa nne kumekoma, na hilo naliunganisha moja kwa moja na kuondoka kwa ile glasi.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba mchape masahihisho kwenye ukurasa uleule wa afya, kwa herufi za ukubwa uleule wa makala, mkiyataja mambo matatu: tufaha halina chuma cha kutibu upungufu wa damu, juisi yake haishushi sukari bali huipandisha, na asiwepo anayeacha dawa alizoandikiwa kwa sababu ya tunda lolote. Mwandishi wenu akitaka, nitakaa naye na kumpitishia kila tarakimu niliyoandika hapa kabla hajachapa.

Wako katika huduma,
Afisa lishe, kliniki ya kisukari